Mwanangu Alizileta Buni Nyumbani, Sasa Skuli Hana wa Kukaa Naye

Ndugu wasomaji, Bwana mhariri amekubali kunifichia jina, nisije nikauaibisha mlango wa mume wangu. Mimi ni mama wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Pangani. Tumehamia hapa Nyaishozi, mbali bara, juzijuzi, mume wangu anauza nguo na chumvi. Mimi chuoni niliishia juzuu chache, lakini mwanangu, mashaallah, ana miaka tisa na Kurani ameihitimu. Sijisifu, waliomsikia wanajua.

Tulimtia skuli ya hapa. Mwanzoni watoto wa Kinyambo, wenyeji wa hapa, walimpenda, wakampa buni za kutafuna, zile zinazochemshwa na kukaushwa. Yeye akazifunga kwenye pindo la kanzu akaniletea, maana nimemlea hivyo, hali kitu cha watu kabla sijakiona. Nikazikaanga, nikazitwanga, tukanywa kahawa tamu kabisa.

Kumbe tumeharibu. Jirani aniuziaye ndizi alishika kichwa. "Mama, buni ya urafiki hutafunwa palepale, mbele ya aliyekupa. Ukiondoka nayo umemkataa. Tena watasema umempelekea mganga."

Ndivyo walivyosema. Sasa wanamwita mchawi wa pwani, akikaa mkekani wenzake wanahama. Nikamwendea mwalimu kwa adabu zote. Akanijibu, "Bibi, mimi nimeletwa kufundisha kusoma na hesabu. Urafiki wa watoto simo." Akamkalisha peke yake mlangoni, ati apate utulivu.

Utulivu gani? Mtoto aliyekuwa akisoma wapita njia wanasimama kumsikiliza, leo asubuhi anakumbatia nguzo ya nyumba hataki kutoka. Baba yake amekata shauri: mvua zikikatika aende na msafara pwani, kwa bibi yake. Njia ya miezi, na homa zake. Nami sina mwingine, ni huyu huyu.

Jirani anasema mwalimu ndiye mkubwa wa nyumba ile ya skuli. Akiwaketisha watoto, akawagawia buni kwa mkono wake, mwanangu akatafuna mbele yao, yamekwisha. Lakini mimi mwanamke mgeni, nikisema hivyo ataona namfundisha kazi yake. Nikinyamaza, mtoto anaondoka.

Nyinyi walimu mnaosoma gazeti hili, mnaopokea watoto waliotoka mbali, nishaurini. Nimwambie neno gani mwalimu huyu, na nilisemeje, limwingie? Mvua zimeanza kupungua.