Dawa ya Kahawa Mgongoni mwa Mbwa

Sitaki mtu aniambie ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni jiwe kuporomoka mlimani wakati unapita. Kuchukua dawa ya kuua wadudu wa kahawa, iliyobaki kwenye bomba la kupulizia, ukammwagia mbwa mgongoni ili kupe wafe, hilo mtu analifanya kwa mikono yake. Mama mkwe wangu alilifanya mchana kweupe, tena huku akiimba.

Nilimkuta mbwa nyuma ya jiko. Udenda unamtoka, miguu inatetemeka, naye anajilamba mgongo. Harufu nikaitambua hapohapo.

"Mama, umempaka nini?"

"Kupe walikuwa wamemjaa. Huku kwetu wote tunafanya hivyo, na mbwa hawafi."

"Huyu anakufa!"

"Basi ni kwa kuwa ametoka ziwani. Mwili laini, kama mwenye mbwa."

Akacheka. Mimi ni wa Liuli, kule ziwani, na hilo huku Mbinga milimani sijawahi kusahaulishwa. Mbwa yule nilipanda naye kutoka kwetu, nimemfunga kwenye kitenge, mtoto wangu wa kike mgongoni, sote watatu juu ya bodaboda moja. Binti yangu alijifunza kusimama kwa kushika shingo yake. Kwenye mji ule wa ukweni, mbwa huyo peke yake ndiye hakuwahi kuuliza nitazaa wa pili lini.

Nikamwosha kwa sabuni, ndoo tatu. Nikampigia simu bwana mifugo, akaja na buti zake zenye matope ya bandani kwa watu. Alimchoma sindano, akasema sumu imepita kwenye ngozi na nyingine ameilamba. "Tujaribu, dada. Lakini sikudanganyi."

Siku ya pili mbwa aliinua kichwa, akanywa uji. Niliringa uani kama niliyeshinda kesi. Siku ya tatu akaanza kukakamaa mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni. Bwana mifugo akarudi, akamwekea dripu, chupa tukaining'iniza kwenye msumari wa kutundikia ungo. Jirani mmoja, mwanamke mwenzangu, alisimama kuangalia.

"Mh! Mimi nilipojifungua sikupata hata kitanda, mbwa ana dripu!"

Watu waliokuwa wamekusanyika uani wakaangua kicheko. Nikamwambia atoke uani kwangu. Akatoka, bado anacheka.

Kesho yake mume wangu alikuja na mwanamume mwenye rungu. Ndivyo mbwa wanavyomalizwa huku: anaitwa mwanamume, mbwa anaburutwa hadi korongoni, anapigwa, akiwa na bahati anapigwa mara moja, kisha anaachwa hukohuko.

"Utamtesa mpaka lini? Mwache jamaa amalize."

"Atakayemgusa ataanza na mimi."

"Ni mbwa, mke wangu."

"Najua ni mbwa! Kwani nimesema ni mjomba?"

Yule mwenye rungu akaaga kwa adabu zote na kuondoka.

Siku ya tano bwana mifugo alipiga magoti kando ya gunia alilolalia mbwa, akambana vidole vya miguu ya nyuma kimoja kimoja. Hakuna mguu uliojivuta. Akammulika macho kwa simu. Akaizima, nikajua.

"Naweza kuja kesho na keshokutwa. Nitachoma, nitaweka maji. Lakini unamtibu nani, dada?"

Nilitaka kumrushia beseni. Kisha nikaona gunia lilipo. Lilikuwa barazani, hatua mbili kutoka kwenye kigoda ambacho mama mkwe hukalia akichambua kahawa. Kila asubuhi nilimbeba mbwa yule, mifupa mitupu, na kumlaza pale. Nilisema anahitaji jua. Jua lilikuwepo uani kote. Nilimweka pale ili mama mkwe amsikie akikoroma, ili kila anapookota punje amwone. Siku mbili tatu za mwisho sikuwa namtibu. Nilikuwa namwonyesha.

"Mchome ya mwisho," nilisema. Na hasira haikupungua hata chembe, ila sasa tulikuwa wawili wa kukasirikiwa, mama mkwe na mimi.

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Mimi sikujua, mwanangu."

"Chupa ya dawa ina picha ya fuvu, mama. Fuvu halihitaji mtu ajue kusoma."

Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, alitaka kunikemea, akanitazama, akaenda kutafuta jembe. Nilimwambia achimbe pembeni mwa shamba, si korongoni, na achimbe kina cha kutosha. Mimi nilishika kichwa. Sindano iliingia, na mbwa hata hakushtuka. Pumzi ziliachana, ziliachana zaidi, kisha hazikuja.

Binti yangu aliporudi kutoka chekechea, alikwenda moja kwa moja barazani. Akalikuta gunia tupu.

"Yuko wapi?"

"Amekimbilia kwa..." mama mkwe alianza.

Nikamkata. "Amekufa. Mimi ndiye niliyemwambia bwana mifugo amchome afe."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaumia, na asingepona. Nilichelewa kusema."

Akakunja ngumi na kunipiga pajani, tena na tena, kwa nguvu zake zote. Mama mkwe alinyoosha mkono kumzuia.

"Mwache," nilisema. "Anipige."