Kiatu pa Mlango wa Nyumba ya Wakali

Siku yangu ya kwanza kazini, chef wa shantie, yaani msimamizi wa kazi ya ujenzi, alinitazama miguu kabla ya uso. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya shule. "Minye njo chef hapa," akasema. "Ukiingia chumba, acha kiatu kimoja pa mlango. Pasipo kiatu, hakuna muntu atakufungulia."

Wadogo zangu mnaotafuta kazi za likizo kubwa, sikilizeni mzee wenu wa miaka kumi na saba. Tulikuwa tunapaka chokaa ya Kakontwe kwenye hospitali ya zamani ya Serikali, sasa tupu, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji kwa wagonjwa wa akili, mbali na mji, ili Likasi isisikie kelele. Watulivu walikaa nyumba za mbele, penye bustani; wakali, nyuma. Huko nyuma kona za vyumba zilifanywa mviringo ili mtu asijiumize, dirisha lilikuwa juu kuliko mkono, na mlango wa chuma ulikuwa na kitasa upande wa nje tu. Chini yake, kitundu cha kupitishia sahani. Pa lango kuu palikuwa na kachumba ambamo mgonjwa alivuliwa viatu siku ya kuingia.

Kiatu kilizuia mlango usijifunge, na kilionyesha kuna mtu ndani. Sauti bila kiatu, wote waliamini, si ya muntu.

Siku moja nilihurumia viatu vyangu visibanwe na chuma, nikaingia navyo vyote viwili. Upepo ukavuta mlango. Nikacheka. Kisha nikapapasa chuma, kikawa laini kama sahani, na kicheko kikaisha.

Nikaita. Nyayo zikaja, zikasimama. Papa Anselme, mpiga lipu na muombaji mkubwa wa kanisa la uamsho, akaanza kukemea: "Pepo, toka kwa jina la Yesu."

"Papa, hata minye nataka kutoka."

Akakimbia.

Nilipiga ngumi mpaka mikono ikavimba. Nje wakaimba nyimbo za kanisa kufunika sauti yangu. Nikataja jina langu, la mama, la shule. Na nikaona kwamba mgonjwa yeyote angetaja vilevile. Mwishowe nililala chini, nikasukuma kiatu kwa kitundu. Wimbo ukakatika. Chef akasema polepole, "Hiki ni cha mutoto yetu." Kitasa kikazunguka.

Nilistaafu jioni hiyohiyo. Chef hakunicheka, na hilo liliniogopesha zaidi. Siku hizi hata choo cha shule naingia na mguu mmoja mtupu, kiatu nimekiacha mlangoni; chekeni tu. Nawawaza wale wagonjwa wa zamani. Nao waliita, na watu walisikia. Lakini viatu vyao vilikuwa vimebaki pa lango kuu.