Mtambo Juu ya Paa la Bu Prih

Tarehe 9 Novemba 2017 Suprihatin, mtengeneza tempe, yaani vipande vya soya iliyochachushwa, wa kitongoji cha Kedungsriti chini ya mlima Merapi, Indonesia, alipewa leseni ya redio ya ridhaa, daraja la chini. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na majirani walimwita Bu Prih, yaani Mama Prih. Jina lake la hewani liliishia na herufi W, P na T, na kwa kuwa hewani kila herufi ina neno lake, mwanamke ambaye hajawahi kuikosa swala ya alfajiri akawa Wiski Papa Tango.

"Mama Wiski, umeamka au bado chupa imekulaza?" walimtania wenzake kwenye mwito wa kila asubuhi, saa kumi na mbili, wanaredio wa bonde wanapoitwa majina mmoja mmoja.

"Nimeamka, na kichwa hakiniumi. Mto uko chini, mlima umejifunika. Nasikiliza."

Kilichompeleka kwenye redio ni mume wake. Legiman huchimba mchanga kwa koleo mtoni, mwendo mfupi chini ya nyumba yao. Mvua ikipiga kileleni, huku chini jua linaweza kuwa kali vilevile, na tope la mlima likashuka na mawe makubwa kama ng'ombe kabla mchimbaji hajaona wingu. Waangalizi wa juu huliona kwanza, lakini redio zao hazifiki mtoni kwa sababu ya vilima. Lazima awepo mtu wa katikati wa kulipokea neno na kulishusha. Nyumba ya Suprihatin iko juu ya kilima. Akawa yeye.

Aliyemfundisha ni Pak Giyarto, yaani Bwana Giyarto, fundi wa redio na mwenyekiti wa kikundi cha wanaredio wa bonde. Alikuja sebuleni kwake jioni za mwaka mzima, akanywa chai ya tangawizi, akamkaririsha: sikiliza kwanza, taja jina lako, sema neno lako, ondoa kidole kwenye kitufe. Hakuna biashara hewani. Hakuna matusi. Usiingie masafa ambayo leseni yako haiyataji.

"Redio isiyo na kibali ni kama lori lisilo na breki," alipenda kusema. "Litakwenda vizuri tu. Ila siku ya kuumia, haumii dereva peke yake."

Suprihatin aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Alipokwenda dukani katika mji wa Muntilan kununua redio yake ya upepo, muuzaji alimwekea mezani moja ndogo, nyeusi, ya bei nafuu.

"Chukua hii, Bu. Imefunguliwa yote. Unasikia polisi, unasikia zimamoto, unasikia mpaka ndege."

"Na kuongea?"

"Popote. Hata na rubani."

"Rubani nimwambie nini, ashuke anunue tempe?" Akatoa betri, akaigeuza redio, akatafuta stika ya uhakiki wa serikali mgongoni. "Hii haina stika."

"Stika haisikiki hewani, Bu."

"Basi nipe yenye stika, hata kama wewe huisikii."

Akarudi na redio nzito zaidi, isiyoweza kutoka nje ya masafa yake, isiyoogopa maji, yenye kitasa kikubwa cha kuzungushwa na mkono uliolowa maji ya soya. Aliitumia kwa nguvu ya chini kabisa. Alisema mtoni si mbali, na mtu haongei na jirani kwa kupiga kelele. Giyarto aliisimulia habari hiyo kwenye kila mkutano wa kikundi. "Mtazameni Bu Prih," aliwaambia vijana waliokuwa na redio za bei nafuu zilizonunuliwa mtandaoni mifukoni.

Januari 2020 redio hiyo ilifanya kazi yake. Mwangalizi wa juu alisema mvua kubwa kileleni, kisha akasema maji yamebadilika rangi. Suprihatin alikuwa anafunga tempe kwenye majani ya mgomba.

"Mtoni, mtoni, huyu Wiski Papa Tango. Pandeni sasa hivi. Msibebe kitu."

"Bu Prih, huku jua linawaka," alijibu kijana aliyeshika redio ya wachimbaji.

"Jua liacheni hukohuko. Pandeni. Na huyo mume wangu akirudi kuchukua koleo, mvute kwa saruni yake."

Walipanda wote kumi na tisa. Koleo la Legiman lilikwenda na tope, pamoja na chakula chake cha mchana. Jioni alilalamikia chakula.

Mtambo ulikuja kiangazi cha mwaka 2022. Giyarto alisema kikundi kimepata mashine ya kupokea sauti na kuirusha upya mbali zaidi, na hakuna mahali palipo juu kuliko paa la Suprihatin. Alisema ni mtambo wa akiba, kwa siku ya dharura. Wanaume sita wa kitongoji waliinua mlingoti kwa kazi ya pamoja, kama wanavyoinua nyumba. Legiman alikoroga saruji. Suprihatin alipika wali na tempe ya kukaanga, akawalisha.

Kwa watu wa huku, kumwomba mwalimu wako karatasi ni sawa na kumwita mwongo mbele ya wageni. Suprihatin alilijua hilo, akauliza kwa kuzunguka, huku akimmiminia chai.

"Na huu nao una stika mgongoni, Pak?"

Giyarto alicheka, wenzake wakacheka. "Mnamwona mwanafunzi wangu? Karatasi ziko ofisini, Bu, zinashughulikiwa. Wewe usiuguse tu. Na masafa yake usiyasikilize, si ya daraja lako."

Kusikiliza hakukatazwi na kanuni yoyote. Suprihatin hakujua hilo, na hakuuliza tena. Kwa miaka miwili mashine iliwaka taa yake ya kijani juu ya jiko lake, ikila umeme wake, naye hakuwahi kuzungusha kitasa kusikia inachosema.

Agosti 6, 2024, saa tano asubuhi, gari jeupe lenye antena nne lilisimama mbele ya nyumba. Lilikuwa la ofisi ya serikali inayosimamia masafa. Akashuka ofisa, mwanamke kijana aitwaye Retnaning, akavua viatu mlangoni, akakubali chai. Majirani walishafika, wakiwemo wale waliosimamisha mlingoti. Legiman alipanda kutoka mtoni, suruali imekunjwa magotini.

"Bu, hii mashine ya juu ni ya nani?"

"Ya kikundi. Ni ya akiba, kwa ajili ya tope la mlima."

"Umewahi kuisikiliza?"

"Si daraja langu, Mbak," alisema, yaani dada.

Retnaning alimtazama kidogo, kisha akawasha redio yake, akaiweka mezani kati ya glasi za chai. Sauti za wanaume zikajaa sebule.

"Darajani hapo vipi, kuna wajomba?"

"Wajomba wawili, wamekaa kwenye pikipiki wanakula mihogo. Pitia nyuma, pitia makaburini."

"Nimejaza mpaka matairi yanalia. Nikianguka makaburini si nimeshafika?"

"Ukifika salimia mama mkwe!"

Kicheko. Malori ya mchanga. Wajomba ni polisi wa barabarani, wanaokamata malori yaliyojazwa kupita kiasi. Retnaning alieleza bila kupandisha sauti: mtambo hauna kibali, haujawahi kuombewa, na ni mchafu, mawimbi yake yanamwagika hadi kwenye masafa ya ndege. Wiki tatu sasa, marubani wanaokaribia kutua wanasikia habari za makaburini.

"Rubani," alisema Suprihatin.

Alimpigia simu Giyarto, akaiweka wazi ili wote wasikie.

"Pak, wamekuja watu wa masafa. Wanauliza karatasi za mtambo."

"Mtambo upi, Bu?"

"Huu wa juu ya paa langu."

"Bu Prih, vitu vya juu ya paa lako mimi nitavijuaje? Wewe ndiye mwenye leseni hapo." Simu ikakatika.

Retnaning alisema sheria inamtazama kwanza mwenye nyumba na umeme. Kama mwingine ndiye aliyeusimika, anahitaji mtu aliyeona. Akawageukia wanaume waliokuwa mlangoni. "Nani alikuwepo siku ya mlingoti?"

Watano walitazama sakafu. Mmoja alikumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa. Suprihatin hakuwatazama hao. Alimtazama mume wake, ambaye yeye humwita Pak'e, baba, naye humwita Bune, mama.

"Pak'e, waambie. Wewe ulikoroga saruji."

Legiman alikuna mguu uliokauka tope. "Ni zamani, Bune."

"Miaka miwili ni zamani?"

"Nilikoroga. Sikumbuki nani aliniambia nikoroge."

Wageni walipoondoka na mashine, na redio ya Suprihatin nayo ikiwa imechukuliwa ikisubiri uamuzi, ndipo Legiman alikumbuka. Redio nyeusi, ndogo, isiyo na stika, ilikuwa ndani ya gunia la majembe nyuma ya zizi. Giyarto aliwauzia wenye malori redio za namna hiyo, zinazopitia kwenye mtambo, akawapa bure wachimbaji wanaoaminika ili waite malori yaje mtoni. Legiman alikuwa nayo tangu wiki ya mlingoti.

"Ulijua," Suprihatin alisema.

"Lori haliji huku bila kuitwa, Bune. Mchanga wangu ningeubeba kichwani mpaka mjini?"

"Mimi nakaa hapo juu ili usife mtoni."

"Nakushukuru kwa hilo."

"Na ulinyamaza mbele ya yule binti."

"Giyarto akitajwa, malori yataenda mto mwingine. Wewe watakusamehe. Kila mtu anajua wewe ni mtu wa kanuni."

Aliosha glasi za wageni, akaenda kuchemsha soya, kwa sababu tempe ya kesho huanza leo.

Asubuhi iliyofuata hakuwa na redio, lakini jirani yake, mmoja wa wale watano, alikuwa nayo, na ukuta kati yao ni wa mianzi. Saa kumi na mbili Giyarto alifungua mwito kwa sauti ileile iliyomfundisha herufi. Aliita majina kwa mpangilio wa miaka yote, kutoka juu ya bonde kushuka chini. Alimwita aliye juu ya Suprihatin, akapokea jibu. Kisha akamwita aliye chini yake. Hakusita katikati. Hakuna aliyeuliza Mama Wiski yuko wapi; walioitwa walijibu, wakataja hali ya mto, wakaaga. Jirani alizima redio na kukohoa, kisha akakohoa tena, kama mtu anayetaka kuitwa. Hakuitwa.

Tangu siku hiyo wachimbaji wameweka gogo la kupigwa kama kengele kwenye njia panda, na kijana mmoja hukaa hapo kupiga akipokea neno. Neno lenyewe bado halina mtu wa katikati. Giyarto amesema kikundi kinatafuta mwingine mwenye nyumba ya juu. Mvua za kwanza huku huja mwishoni mwa Oktoba.

Mwito wa ofisi ya masafa ulifika mwezi uliofuata. Unasema Suprihatin afike Septemba 25, saa tatu asubuhi, aeleze mtambo ulifikaje juu ya paa lake. Baada ya hapo ndipo itaamuliwa kama leseni yake inarudishwa au inafutwa. Legiman amejitolea kumpeleka kwa pikipiki. Suprihatin amekataa, atapanda basi. Ataibeba ile redio nyeusi ya kwenye gunia, ameifunga kwa jani la mgomba kama tempe, na atataja majina mawili: la Giyarto na la mume wake.