Chumba cha Landrova

Landrova ya baba ilinuka dagaa, mawese na petroli, na harufu hiyo ilifika nyumbani kabla injini haijakata kona ya mtaa wetu wa Ujiji. Mama aliiamini kuliko saa ya ukutani. Ikivuma tu, alisogeza chungu mafigani, akanituma nipeleke maji ya kuoga bafuni, naye akajitengeneza kanga. Baba alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Aliwanunua Mwamgongo, mzigo ukaja kwa boti mpaka mwaloni, kisha akaupandisha kwa gari hadi Kasulu na kurudi na maharage. Mwamgongo hapafikiki ila kwa maji, kwa hiyo mara nyingi alilala hukohuko, na mimi nilidhani kila baba duniani hulala safarini siku kadhaa za wiki. Mama naye hakusema kitu. Lakini mama alikuwa mtu wa kutosema kitu, na waliotangulia walishatuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Redio ilitukumbusha asubuhi na jioni kuhusu wanyonyaji, na mtu mwenye gari lake mwenyewe ilimbidi aamkie watu mara mbilimbili asije akaonekana ana majivuno. Gari lilikuwa kitu cha kutolea maelezo. Baba alijua hilo, ndiyo maana aliwabeba wagonjwa wa mtaa mzima bila kudai hata shukrani, na msiba ukitokea Landrova ilikuwa ya kwanza kufika. Basi masika moja wezi wakaiba betri. Wiki haikupita, baba akatangaza kibarazani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba sasa atajenga chumba cha gari ubavuni mwa nyumba, mvua isiliozeshe na wezi wasilitie mikono. Mtaa mzima ulimpa pole ya betri. Kuhusu chumba, hakuna aliyempa hongera.

Fundi alikuja na karatasi kubwa, akaitandika juu ya mkeka na kuibana pembeni kwa vikombe. Nilikuwa nimepiga magoti karibu naye nikichambua mchele, kwa hiyo niliona kila mstari ulivyochorwa. Kuta tatu zinazoungana na nyumba yetu, bati juu, mlango mkubwa wa mbao wenye mabawa mawili upande wa barabarani. Hapo hapakuwa na neno. Kisha baba akasema waweke mlango mdogo wa kuingilia uani. Kisha dirisha upande wa mashariki. Kisha sakafu ya saruji. Fundi akainua kalamu, akauliza kwa adabu dirisha ni la nini. Baba akamjibu kwamba moshi wa gari ni sumu, unahitaji pa kutokea. Mama alikuwa jikoni akipepeta moto, na nilisikia upepeo ukisimama. Vyumba vyetu vyote vilikuwa vya sakafu ya udongo, tukivisiriba wenyewe kabla ya kila Idi. Sasa gari lilale kwenye saruji na kupunga upepo wa asubuhi.

Lazima nieleze jambo moja ambalo kwa Ujiji ya wakati ule halikuhitaji maelezo. Kwetu chumba kipya kilisomwa kwa mlango wake. Mlango ukielekea barabarani, hicho ni cha duka au cha mpangaji. Ukielekea uani, kwenye jiko, kisima na kamba ya kuanikia nguo, hicho ni cha mwanamke, maana ndiye atakayetumia ua. Hakuna aliyefundishwa hilo, kila mtu alilijua tu. Na chumba cha baba kilikuwa na milango yote miwili. Juu ya hayo, wiki ileile baba akarudi safari na doti mbili za vitenge vya Bujumbura akampa mama, wala haikuwa Idi wala harusi ya mtu. Jirani yetu Mama Bahati, ambaye ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Kongo zamani na ambaye hakuzaliwa na kufuli mdomoni, alivishika vile vitenge, akavigeuza, akavinusa. "Mama Asha, dada yangu," akamwambia mama, "mume akikupa bila kuombwa, ujue anakulipa kitu ambacho hujauza bado." Mama akacheka, akavikunja, akaviweka chini kabisa ya sanduku. Hakuvipeleka kwa fundi cherehani.

Tetesi zikaota miguu. Zikasema yuko mwanamke Mwamgongo, mjane bado kijana, mwenye vichanja vyake vya kuanikia dagaa, na kwamba boti ya baba ikifika hana haja ya kutafuta pa kula. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi kwa umri wangu ule wa kusoma nyendo za watu wakubwa nilianza kumchunguza baba. Nilimtazama anavyonyoa ndevu. Nilihesabu kuwa dhambi kila mluzi aliopiga. Nilimpenda sana baba yangu, na masika yale nilimchukia kila alipotia mafuta nywele zake, kwa sababu ya mtu ambaye sikuwahi kumwona. Niliogopa kwamba siku moja nitaambiwa nimwamkie mwanamke mwingine na kumwita mama, na kwamba mama yangu atafunga mizigo yake arudi kwao Kalinzi, akaniache na saruji.

Wakubwa nao walikuwa na shaka zao, kila mmoja ya kwake. Bila saini ya mjumbe wa nyumba kumi hakuna ombi lililopitishwa Kigoma mjini, na mjumbe wetu, mzee wa Kiha mwenye koti jeusi la jua na mvua, hakuamini habari za gari hata kidogo. Aliona ghala. Sukari ilikuwa adimu, sabuni ilikuwa adimu, na ng'ambo ya ziwa vyote vilikuwepo. "Ego, ndugu Saidi," aliitikia kwa Kiha akiizungushazungusha karatasi mikononi, "dirisha la moshi nimeliona. Sasa huo mlango wa uani, gari linaingia jikoni kufanya nini?" Akataka mlango mdogo uzibwe. Ofisi ya ujenzi ya mji ikasema mlango si kitu, ila dirisha lina kasoro, kwa sababu chumba chenye dirisha na sakafu ya saruji kesho kitapangishwa, na baba ataitwa kabaila. Baba akaenda Kigoma, akarudi. Ramani ikachorwa tena. Kila aliporudi alikuwa amekasirika zaidi, na kila alivyozidi kukasirika ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba ana la kuficha. Mwishowe bwana mkaguzi wa ujenzi akasema atakuja mwenyewe aone kiwanja na awasikilize majirani.

Alikuja mchana na pikipiki ya ofisi, kijana mrefu wa mbali, mwenye tepu ya kupimia na Kiswahili cha pwani. Mtaa wote ulipata shughuli karibu na kwetu. Mama Bahati alikuja kuazima chumvi akasahau kuondoka. Mkaguzi akapima, akamsikiliza baba, akamsikiliza mjumbe, akatazama ule ukuta wa nyumba kana kwamba utasema. Kisha akafunga tepu yake na kugeukia mlango wa ua. "Mwenye nyumba nimemsikia," akasema. "Naomba na mama mwenye nyumba aniambie. Chumba hiki ni cha nini?"

Mama akatoka. Alikuwa amevaa kile kitenge cha Bujumbura, kimeshonwa gauni, na hata leo sijui alikishonesha lini. Nilimwona baba akimtazama, na nikaona kwamba anaogopa. Neno moja tu la "sijui, muulizeni mwenyewe" lingetosha. Kibali kingefia pale, na aibu ya baba ingevuka ziwa. Mimi nilitamani alitamke, Mungu anisamehe. Mama alimwamkia mjumbe kwanza, bila haraka, kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayetaka kusikika mpaka nyumba ya mwisho.

"Ni cha gari, bwana. Mume wangu si mtu wa maneno mawili. Akisema cha gari ni cha gari, na mimi namdhamini mbele yenu wote. Siku mkiona ndani yake kitu kisichokuwa gari, njooni mniite mwongo." Akamgeukia mjumbe. "Na mlango wa uani msiuzibe. Nitapita hapo kumpelekea chai akitengeneza gari lake."

Mjumbe akaiweka karatasi gotini, akatia saini. Mkaguzi akacheka, akampongeza baba kwa kuoa vizuri. Mama Bahati akaondoka bila chumvi, uso umemvimba, akaniambia njiani kwamba mama yangu ni mjinga wa mwisho. Nami nilikubaliana naye. Nililia nyuma ya choo kwa kumwonea haya mama, mtu mzima aliyeona mawingu yote yale bado akaapa kwamba haitanyesha.

Chumba kikajengwa, na Landrova ikaingia. Kilichonishangaza ni baba. Mtu aliyepigania kibali kwa nguvu zile ungetegemea afurahi, lakini alinuna kiangazi kizima. Jioni alikaa ndani ya gari, ndani ya chumba, mlango mkubwa umefungwa, na mama akapita mlango mdogo na birika la chai kama alivyoahidi. Safari za Mwamgongo zikapungua, mwishowe akamtuma mtu kule. Mke hakuja, wala mama hakurudi Kalinzi, na mimi nikajifunza kupumua tena.

Baba aliniambia mwenyewe, uzeeni, miguu ikiwa imevimba na mama akiwa ametangulia mbele ya haki. Nilikuwa nikimkanda, akasema tu, bila kuulizwa, kwamba chumba kile hakikuwa cha gari. Posa ilikuwa imekwisha kupelekwa Mwamgongo. "Mama yako angenigombeza ningeoa siku ileile," akasema. "Angelia ningempoza, kisha ningeoa. Sasa ameniwekea dhamana mbele ya mjumbe na serikali. Ningemwingizaje mtu pale? Ningemfanya mama yako mwongo mbele ya Ujiji nzima." Alicheka, lakini macho hayakucheka. Nikakumbuka kwamba niliwahi kumuuliza mama, nikiwa mwali, kwa nini alimwamini. Alinijibu akiwa anasuka ukili, hata hakuinua kichwa: "Nani kakwambia nilimwamini? Mwanamume ukimkataza atafanya. Wape watu neno lake wakushikie."

Sasa naishi Katubuka, Kigoma mjini, nyumba ya matofali ya kuchoma, ukuta umetuzunguka wenye chupa juu na geti la chuma. Mwaka huu mume wangu naye ameamua kuongeza banda la gari. Ramani imechorwa kwa kompyuta, inapendeza. Nyuma ya nafasi ya gari kuna chumba kidogo chenye choo na bafu lake, na ameniambia ni cha dereva. Mume wangu huendesha gari mwenyewe tangu nimjue. Sikusema kitu. Nilingoja watu. Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri akiwa kwake, hakuinuka kitini. Majirani sijui hata kama wanajua tunajenga, ukuta hauwaonyeshi kitu, na mimi pia sijui kwao kunaongezwa nini. Zamani nililaani macho ya Ujiji yaliyoingia hadi chunguni mwa mtu. Siku hizi nayatafuta. Jana bwana mkaguzi alifika, nikatoka kibarazani nikasimama mahali ambapo hawezi kukosa kuniona. Akapiga picha mbili kwa simu, akaniambia shikamoo mama, akaondoka. Jibu nilikuwa nalo tayari, na sauti yake. Hakuniuliza.