Mmea wa Mama Juu ya Paa la Manfuha

Mbegu zile zilinuka kama ganda la chungwa lililokaa siku nyingi kwenye kabati la dawa. Mama alizisaga akanyunyizia maharage, na chumba chetu kimoja cha juu ya paa, huko Manfuha kusini mwa Riyadh, kikabaki na harufu hiyo mpaka kesho yake. Muuza viungo aliyempa alimwambia ni za mmea mrefu wa porini, wa milima yenye theluji, na kwamba hapa hauoti. Hilo la mwisho ndilo lililomchokoza. Mama alikulia shambani Malindi, na hakupenda kuambiwa kitu hakioti.

Zilizobaki alizifunga kwenye kitambaa kibichi, akazificha ndani ya friji chini ya nyanya majira yote ya joto, ili zidhani zimelala kwenye theluji. Baridi ilipoingia alizipanda kwenye ndoo ya rangi, akaiweka kivulini, chini ya tangi la maji lililovuja. Vikachipua vitu vingi, na hatukujua kipi ni chetu. Mama alitumia njia ya kwao: aliingia chumbani na jani la kila kimoja, akalivunja, akalinusa, kisha akalisugua mkononi upande wa ndani na kusubiri kama litawasha. Moja lilinuka chungwa, wala halikuwasha. Basi likahesabiwa salama, tukang'oa mengine yote. Baridi ya pili bua lilinyanyuka, nene, lenye vinyweleo na madoa ya zambarau, na majani mapana yaliyochanikachanika. Likanipita kimo, likampita na Mama.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Al-Safa, Jidda, na alilala huko huko kwa bosi wake. Kila Ijumaa alipiga simu.

"Huyo mgeni wako wa milimani ana ikama?"

"Hana," Mama alijibu. "Kama mwenyeji wake."

Walicheka, lakini ilikuwa kweli. Mama alitoka kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, ili aolewe na Baba, na tangu hapo hakuwa na ikama, kibali cha ukaazi, wala karatasi nyingine yoyote.

Asubuhi moja aliyapunguza majani, akakata na tawi moja nene. Lilikuwa na uwazi ndani. Akanipa, nikalifanya tarumbeta, nikazunguka paa zima nikipuliza. Jirani yetu Dada Njeri, msichana wa Nakuru aliyeletwa miaka ile mawakala wa kazi za ndani walipokuwa wakijaza ndege wasichana, kisha akamkimbia madam wake, alitoa kichwa mlangoni. "Mama Salma, huyu mtoto na hiyo vuvuzela yake atatuletea polisi."

Hakuwa amemaliza kucheka tulipoyaona magari ya jawazati mtaani, wale askari wanaokagua vibali. Njeri alinivuta ndani, akashusha pazia. Mama alibaki nje kuanua nguo za vyumba vyote, ili paa lionekane halina watu. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, mikono ya gauni imekunjwa mpaka juu ya viwiko, utomvu ukimng'aa mkononi, jua limemwakia. Nguo zilikuwa nyingi. Mimi nilikaa gizani na tarumbeta mdomoni, bila kupuliza. Waliingia jengo la pili. Tulisikia milango ikigongwa, wanawake wakilia, kisha magari yakaondoka.

Kesho yake mikono ya Mama ilikuwa myekundu. Siku iliyofuata ilifura malengelenge.

"Ni kama umemwagikiwa mafuta ya chapati," Njeri alisema. "Na hosi huwezi enda. Wataitisha ikama."

Mama aliinyoosha mikono mbele yake. Aliangalia malengelenge yalivyoishia pale pale gauni lilipokunjwa, kisha akaangalia mdomo wangu. Jani alilijaribu chumbani, kumbe utomvu wake huunguza ukipigwa na jua.

"Lile bua ulilitia mdomoni?"

"Ndiyo."

"Ulitoka nalo juani?"

Nilitoka nalo asubuhi ile, lakini si kwa muda mrefu. Aliniosha midomo kwa sabuni, akatundika blanketi dirishani, akaniambia nisisogee mlangoni. Kisha akamgeukia Njeri. "Akivimba mdomo nampeleka hospitali. Wewe utampigia baba yake."

"Ukienda hurudi."

"Najua."

Alilitandika abaya, baibui lake la kutokea, juu ya kiti karibu na mlango, viatu chini yake. Nililala nikiviangalia. Kila mara alikuja kunimulika mdomo kwa taa ya simu, na kila mara nilijaribu kutopumua. Midomo haikuvimba. Kesho yake nilijua nimepona alipolirudisha abaya msumarini. Jioni hiyo alivaa soksi mikononi akaukata mmea. Ijumaa Baba aliuliza habari za mgeni. "Halas, kwisha," Mama alisema. "Amerudishwa kwao."

Nasi baadaye tulirudi kwetu. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha Mama kabla ya maziko, hapa Malindi. Doa la hudhurungi lilikuwa bado lipo mikononi, limeishia pale pale gauni lilipokunjwa. Nilimimina maji hapo polepole kuliko mahali pengine. Siku hizi nalima shamba lake juani, mikono mitupu, nikiimba kwa sauti yoyote niitakayo. Hakuna gari la kuogopa. Wala hakuna wa kuniita ndani.