Visanduku Viwili vya Eufrazia

Kiwanda kilipofungwa, Eufrazia hakulia. Wenzake waligaragara pale getini, wengine wakamporomoshea meneja matusi ya nguoni; yeye alijifunga kanga yake vizuri, akaenda zake nyumbani kupika. Miaka kumi na mitatu alisimama mbele ya mashine za kusokota nyuzi, hapa hapa Morogoro. Mitumba ikaingia, marobota kwa marobota, kitenge chetu atanunua nani tena? Wakubwa wakasema anatafutwa mwekezaji. Huyo mwekezaji mpaka leo hatujamwona hata kisigino.

Msije mkadhani alikuwa jasiri. Alikufa ganzi, basi. Ukimuuliza habari, anasema nzuri. Baba watoto alikwenda Mererani kuchimba mawe, akapotelea huko huko. Nalo hilo lilimpita vivyo hivyo. Alibaki na Doreen wa miaka tisa, Petro wa miaka mitatu, na cheti cha kidato cha nne kilichokuwa kimelala chini ya godoro.

Jirani yake Aisha ndiye aliyemletea habari kwamba wanatafutwa watu wa kusomea uuguzi, mwisho miaka thelathini na mitano. Eufrazia alikuwa na thelathini na mitatu. Akaenda kuchukua fomu kama mtu anayekwenda kusaga unga.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili, weka alama kwenye kimoja tu. Cha kwanza, cheti: miaka miwili, chuo cha misheni hapa hapa mjini, jioni unarudi kwako. Lakini ukiingia njia hiyo ndiyo umefika mwisho. Utatandika vitanda na kumwaga mikojo ya wagonjwa mpaka ustaafu. Cha pili, stashahada: miaka minne, Dodoma, bwenini, watoto marufuku. Ila ukimaliza, unaweza kuendelea mpaka shahada.

Mjomba wake Alois akashuka na lori la kabichi kutoka Mgeta. Sisi Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Wajukuu hawa ni wetu, nipe niende nao. Bibi yao yupo, shule ipo, chakula tele. Wewe nenda Dodoma, usome mpaka uchoke mwenyewe."

"Hapana, mjomba. Petro bado mdogo, anamtaka mama yake."

Lilikuwa jambo pekee alilokuwa na hakika nalo. Kazi imekwenda, mume amekwenda, lakini wanawe anawalea mwenyewe. Mzee akanuna, akaondoka na lori lake.

Siku ya usaili alikaa mbele ya muuguzi mkuu, Mama Elizabeth, mwanamke mnene mwenye miwani. Mambo yalikwenda vizuri. Kisha upepo ukapeperusha karatasi, Mama Elizabeth akainuka kwenda kufunga dirisha lililokuwa nyuma ya Eufrazia. Alipogeuka, alimkuta bado anakitabasamia kiti kitupu.

"Mama, nimekuuliza mara tatu. Mbona hujibu?"

"Hujaniuliza kitu," Eufrazia akasema, na alikuwa mkweli kabisa.

Mama Elizabeth akamtazama. Akajiziba mdomo kwa faili, akasema jambo. Eufrazia akasubiri afunue. Lo! Kule kwenye nyuzi hakuna anayemwita mwenzake kwa sauti. Mashine zinanguruma, unamwendea mtu mbele, anakusoma midomo. Wote walizoea. Walipotoka kiwandani na kuona hawasikii vizuri, walidhani watu wa mjini wamejifunza kunong'ona.

"Sikio la kushoto limekufa," Mama Elizabeth akasema baada ya kumpima. "La kulia linatosha kupimia presha. Sikukatai. Lete fomu Ijumaa, uwe umeshachagua."

Eufrazia alirudi nyumbani, akamkuta Doreen uani akisugua sufuria kwa mchanga, Petro akichezea maji. Akachuchumaa mbele yake.

"Doreen, ulijua kwamba mama sisikii?"

"Tunajua wote. Hata mama mdogo Aisha anajua."

"Sasa Petro akilia usiku, inakuwaje?"

"Naamka mimi." Doreen alisema bila kuinua macho kwenye sufuria, kisha akakumbuka, akainua uso ili mama amwone. "Nampa maji, namweka mgongoni, tunazunguka zunguka mpaka anyamaze. Zamani nilikuwa nakutikisa. Nikaona unatoka kazini umechoka, nikaacha."

Hapo ganzi ikamtoka yote kwa mpigo, na jamani, ilimuuma. Miaka mitatu mizima alilala usingizi wa pono, akajiita mlezi. Alilia pale pale uani, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuisikia vizuri, mpaka Petro naye akaanza kulia. Doreen akanyanyuka haraka kumbeba.

"Mwache," Eufrazia akasema. "Nipe mimi."

Akampakata mpaka akatulia. Kisha akaingia ndani, akatoa fomu, akaweka alama kwenye kisanduku cha pili.

"Mtakwenda Mgeta kwa babu Alois," akamwambia Doreen. "Mama anakwenda kusoma mbali."

Doreen akafikiri, mikono imejaa masizi.

"Huko usiku ataamka nani?"

"Bibi yenu."

"Anasikia?"

"Anasikia sana."

"Kumbe!" mtoto akasema, uso ukamchangamka. "Basi na mimi nitalala."