Yai Nililolizika Ndani ya Hekalu la Plastiki

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Nililifanya kwa mikono yangu na akili zangu timamu, nikampoteza mwanamume mzuri kwa sababu ya yai moja la kuku wa kienyeji. Naomba tu jina langu mlifiche, maana kwetu Waa ni padogo na mama yangu bado yuko hai.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Wageni walikuwa wamepungua mno, hata siku nyingine tulifua mashuka ambayo hayakulaliwa ili tuonekane tuna kazi. Ndipo meneja akazua jambo. Familia moja ya wageni ilikuwa imeacha masanduku ya matofali ya plastiki, yale ya watoto ya kupachika moja juu ya jingine. Meneja akasema tujenge mji mzima juu ya meza kubwa pale mapokezi, kila idara na jengo lake. Idara itakayowafurahisha zaidi wageni wa Krismasi ingepigwa picha, na picha itundikwe ukutani.

Wallahi niliitaka ile picha. Dobi hukaa nyuma ya hoteli kwenye mvuke, hakuna mgeni anayeijua sura yake.

Jikoni walipewa kituo cha treni. Mapokezi wakapewa kituo cha zimamoto. Sisi tukapewa hekalu la Kiasia, na wenzangu wakanisukumia mimi, eti kwa kuwa najua kufuma vitambaa. Asia mimi ningeijulia wapi? Nilikuwa na kalenda moja tu ya mkahawa wa Kichina, yenye picha ya mnara wa paa juu ya paa, pembe zimepinda juu kama kope za bibi harusi.

Taabu ni kwamba tofali la plastiki halipindi. Nilihangaika wiki nzima. Mwisho nikavunja magari ya watoto, nikachukua madigadi yake, vile vifuniko vya juu ya magurudumu, nikayapachika kwenye pembe. Yakakaa! Rangi nyekundu iliponiishia nikalibomoa gari la zimamoto la watu wa mapokezi, wakaninunia mpaka mwezi ukaisha. Joka sikuwa nalo, nikaweka mamba wawili mlangoni. Nilipofika paa la tano, watu walikuwa wanatafuta visababu vya kupita pale.

Siku moja akaja Omari, mpishi mkuu, mwenye kile kituo cha treni. Alisimama mikono mgongoni, akaliangalia jengo langu kwa makini.

"Zuri," akasema. "Zuri kweli kweli."

Akaenda zake bila kusema mashaallah. Haukupita muda mamba mmoja akadondoka mwenyewe. Nikasema haya, jicho hilo.

Nikaenda kwa bibi yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umesawijika hivyo?"

Nikamwambia najenga nyumba na watu wameitia jicho. Sikumwambia kwamba nyumba yenyewe inanifika kiunoni. Bibi akaniuliza kama nimeiwekea fingo, ile kinga inayozikwa msingini. Sikuweka. Akanipa yai, akanielekeza la kulisomea, akanionya kwamba likishazikwa halifukuliwi.

Nikazibandua ghorofa za juu kama ninayezirekebisha, nikaliweka yai ghorofa ya chini, nikajengea upya juu yake. Nilipobana ghorofa ya pili nilisikia kitu kinalia ka! Nikajifanya sikusikia.

Sasa jamani, yai la bibi huzikwa ardhini, kwenye ubaridi. Langu lilikuwa ndani ya plastiki, na meneja, kwa kulipenda lile hekalu, akalifungia taa ya kulimulika mchana na usiku. Joto la Desemba mnalijua. Harufu ilianza kidogokidogo, kisha ikatanda mapokezi yote, wageni wakawa wanaandikisha majina huku wamebana pua. Meneja akaamua kuna bomba la maji machafu limepasuka chini ya sakafu. Akaitwa Mutua.

Mutua alikuwa fundi bomba wa hoteli, Mkamba wa Machakos, na alikuwa mchumba wangu. Alishakubali kuja Waa kuonana na baba, na habari za kusilimu alishaanza kumuuliza imamu mwenyewe, bila mimi kumsukuma.

Meneja akamwambia mbele yangu kwamba harufu isipokwisha kabla ya Krismasi, atafute kazi kwingine. Na mimi nilikuwa ninajua. Nilipoinama kumfuta mamba vumbi nusura nizirai. Lakini kulitoa yai ni kubomoa paa zote tano watu wakiona, na ni kumwachia Omari njia. Nikaona bora nimpelekee Mutua chai.

"Pole, mpenzi," nikamwambia.

"Asante. Lakini aki hii harufu sijui inatoka wapi. Nimechimba mpaka karibu nitokee Tanzania."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Kesho yake nikamletea chai na mahamri. Alishang'oa vigae vya nyuma ya kaunta, sasa anaelekea vyooni, na mimi nimemshikia tochi. Nikaanza na kufukiza udi pale hekaluni ili kuipunguza harufu, mgeni mmoja akanisifu eti nimejali hata mambo madogo. Nikavimba kichwa.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Mutua alikuja kukusanya vyombo vyake ili aondoke. Siku zote hizo alikuwa ameinamia sakafu, hekalu langu hakuwahi kulitazama vizuri. Akalisogelea aliage. Akanusa. Akatoa paa la kwanza, akaliweka mezani taratibu asilivunje. Akatoa la pili. Mimi nimesimama na kikombe mkononi.

Alipolifikia yai, watu wote wa mapokezi walikimbilia nje. Yeye hakukimbia.

"Ni lako?"

"Ni fingo," nikasema.

"Ulijua ndiyo inanuka?"

Akayatazama mashimo yake, kisha akakitazama kile kikombe.

"Kuweka yai naelewa, hata kwetu kuna mambo. Lakini kila siku ulikuwa unaniletea chai."

Alifukia mashimo, akarudisha vigae, kazi yake ikabaki. Waa hakuja. Jikoni walishinda, na picha ya Omari ilikaa ukutani miaka mingi, nikipita chini yake na kapu la mashuka.

Wenzangu mnaosoma, mkimwona mtu anahangaika kutafuta kitu mlichokificha nyinyi, msimpe pole. Mwambieni kilipo, hata kama jengo lenu litabomoka mbele ya watu. Mutua yai alinisamehe palepale. Ile chai ndiyo iliyomshinda, na mimi siwezi kumlaumu.